NENO "COMMUNITY": MAANA ZAKE, MATUMIZI YAKE NA WAJIBU WA KADA

Utangulizi

Katika elimu ya siasa maneno si mapambo ya hotuba. Neno ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo chombo cha mkulima. Likiwa butu halilimi. Na likiwa mikononi mwa mtu mwingine laweza kulima shamba lako kwa faida yake. Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo makada na wanafunzi wetu huyatumia bila kuyapima ni neno "community". Neno hili huingia kwa mlango wa taarifa za miradi, magazeti, mihadhara ya vyuo vikuu na semina za wafadhili. Kada anarejea kutoka wilayani na kuandika kwamba "community imeshirikishwa". Mwanafunzi anaandika kwamba "community imeukataa mradi". Redio inatangaza kwamba "jumuiya ya kimataifa imesikitishwa". Lakini tunapowauliza wanafunzi wetu swali dogo, "Ni nani hao hasa?", darasa hunyamaza.

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, kueleza asili ya neno hilo na maneno ya Kiswahili tunayolitafsiria. Pili, kuonyesha jinsi lilivyotumiwa na wakoloni, na mataifa makubwa, na sisi wenyewe. Tatu, kutoa maswali ambayo kada anaweza kuyatumia kila anapokutana nalo, ili aweze kutambua lini neno hilo linaeleza hali halisi na lini linaificha.

1. Asili ya neno

Waingereza walilipata neno "community" kwa Wafaransa katika karne ya 14, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, lugha ya dola ya Rumi. Mzizi wake ni "munus", neno lililokuwa na maana ya wajibu, kazi ya umma au mzigo ambao mtu anaubeba kwa ajili ya wenzake. Kilichobebwa au kumilikiwa na wote kwa pamoja kiliitwa "communis". Kinyume chake alikuwa "immunis", yaani mtu aliyesamehewa kodi na kazi za umma, aliyekula matunda ya dola bila ya kubeba mizigo yake.

Kwa hiyo, kwa asili yake, "community" si kundi la watu wanaofanana rangi, wala si watu ambao nyumba zao zimekaribiana tu. Ni watu waliofungwa pamoja na wajibu. Tunamwomba msomaji aikumbuke jozi hiyo ya Kilatini, mwenye kubeba pamoja na mwenye kusamehewa, kwa sababu ndiyo mizani tutakayoitumia mpaka mwisho wa makala.

Kutoka mzizi huo huo yamezaliwa maneno mengine mengi: "common", yaani kitu cha wote, "commune", jina lililochukuliwa na serikali ya wafanyakazi wa Paris mwaka 1871, na "communism". Huko Uingereza malisho na misitu ambayo wanakijiji walikuwa na haki ya kuitumia pamoja iliitwa "common". Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la nchi hiyo, ambalo kwa muda mrefu lilitawaliwa na wenye ardhi, lilipitisha zaidi ya sheria 5,000 za kuizungushia ua ardhi ya namna hiyo na kuifanya mali ya watu binafsi. Wakulima wadogo wengi walipoteza malisho na kuni zao, wakageuka kuwa vibarua katika mashamba ya wengine na viwandani.

Yafaa tuone jambo moja la ajabu hapa. Kadiri ubepari ulivyozidi kukivunja kitu chenyewe, ndivyo neno lilivyozidi kupendwa. Mwaka 1887 mtaalamu wa Kijerumani Ferdinand Tönnies aliandika kitabu akitofautisha maisha ya udugu na ujirani na maisha ya mikataba na fedha. Kabla yake, katika maandishi yao ya 1845 na 1846 kuhusu itikadi ya Kijerumani, Marx na Engels walikwisha kueleza kwamba katika nchi yenye matabaka dola hujidai kuwa ni jumuiya ya watu wote, lakini jumuiya hiyo ni kivuli tu, kwa sababu tabaka moja linalikandamiza tabaka jingine. Jumuiya ya kweli, walisema, ni ile ambayo ndani yake kila mtu anapata uhuru wake kwa kushirikiana na wenzake.

Wataalamu wa vyuo vikuu vya nchi za kibepari nao wamehangaika na neno hili. Mwaka 1955 Mmarekani George Hillery alikusanya fasili 94 za neno "community". Alipozilinganisha alikuta kwamba jambo pekee ambalo zote zilikubaliana ni kwamba neno hilo linahusu watu. Naye Raymond Williams, mwandishi wa mrengo wa kushoto kutoka Wales, alionyesha mwaka 1976 kwamba neno hili lina sifa ya pekee: maneno kama dola au taifa watu huyasifu na huyalaani, bali "community" karibu kila mara husemwa kwa wema tu. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Sisi twaongeza kwamba mtu mjanja huweza kulitumia jina jema kuficha giza lenyewe.

2. Maneno yetu ya Kiswahili

Kiswahili hakina neno moja la kutafsiri "community". Kina ukoo mzima wa maneno: jamii, jumuiya, jamaa na ujamaa. Yote yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya au kukusanyika, na siku ya Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala, imepata jina lake humo humo. Lakini katika matumizi yetu maneno hayo yameachana njia.

Jamaa ni ndugu na watu wa karibu. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alilichukua neno ujamaa, lililokuwa la undugu wa ukoo, akalipanua mpaka likawa jina la siasa ya usawa ambayo mipaka yake si ya ukoo, wala ya kabila, wala ya taifa.

Jumuiya, katika matumizi ya kisiasa, ni kundi lililoundwa: lina wanachama, katiba, viongozi na makao. Ndiyo maana baada ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977 chombo cha wafanyakazi kiliitwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, yaani JUWATA, na mpaka leo wanawake, vijana na wazazi wanazo jumuiya zao za Chama. Hata Kanisa Katoliki lina jumuiya zake ndogo ndogo. Ukitaja jumuiya ya namna hii unaweza kuuliza: wanachama ni akina nani, na mwenyekiti wao alichaguliwa lini?

Jamii haina orodha ya wanachama. Ni watu wote wanaoishi pamoja katika mahusiano ya uzalishaji, mila na utawala. Hapa ndipo utata unapoanza, maana neno hili moja limebebeshwa mizigo ya maneno matatu ya Kiingereza au zaidi. Ustawi wa Jamii, Afya ya Jamii, Hifadhi ya Jamii, Maendeleo ya Jamii: katika majina hayo "jamii" inatafsiri mara hiki mara kile. Wakati mwingine maana yake ni umma wote unaohudumiwa na Serikali. Wakati mwingine maana yake ni watu wa mahali fulani ambao wameambiwa wajihudumie wenyewe. Tofauti hiyo si ndogo. Katika maana ya kwanza mzigo ni wa taifa zima. Katika maana ya pili mzigo ni wa kijiji.

Tuchukue mfano. Mwaka 1993 nchi yetu ilianza kuwatoza wananchi sehemu ya gharama za matibabu katika hospitali za Serikali. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio katika wilaya ya Igunga, ambako kaya ililipa mchango wa mwaka na Serikali ikaongeza fungu lake. Hatusemi kwamba kuchangia ni kosa. Kuchangia matibabu ya mwenzako ni "munus" hasa. Tunachosema ni kwamba jina "la Jamii" peke yake halimwambii mwananchi nani analipa, nani anasamehewa na nani anaamua. Hayo yanapaswa kuulizwa na kujibiwa kwa tarakimu.

3. Mkoloni na "community" ya rangi

Katika Tanganyika ya wakoloni neno "community" lilikuwa na maana moja kubwa: rangi. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wajumbe wawili wa kwanza Waafrika, wote machifu, waliteuliwa mwaka 1945. Ilipofika mwaka 1955 Serikali ya Gavana Twining ilitangaza kile ilichokiita usawa: viti 30 vya upande usio wa Serikali viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi hii ina "communities" tatu, na kila moja ipate haki sawa.

Tupime usawa huo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Wahindi na Wagoa kwa jumla hawakufika laki moja. Wazungu walikuwa wapatao 20,000. Watu milioni 8 kupewa viti sawa na watu 20,000 kukaitwa usawa, kwa sababu tu kilichohesabiwa si mtu bali ni "community". Hiyo ndiyo nguvu ya neno. Lilibadilisha kipimo, na kipimo kilipobadilika dhuluma ikaonekana kama haki.

Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 mpango huo ulifikishwa kwenye sanduku la kura. Mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa mgombea wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Tena haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya kipato, elimu au cheo. TANU ilikutana Tabora mwezi Januari 1958, na baada ya mabishano makali ilikata shauri kuingia katika uchaguzi huo. Wengine hawakukubali, Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda chama chake. Lakini uamuzi ule, ambao historia yetu inauita Uamuzi wa Busara, uliligeuza silaha la mkoloni dhidi yake mwenyewe. TANU iliwaunga mkono wagombea Waasia na Wazungu waliokubali msimamo wake, nao wakashinda. Wapiga kura walionyesha kwamba mgawanyiko uliokuwapo haukuwa kati ya rangi tatu, bali kati ya wanaotaka uhuru na wasioutaka. Mwezi Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Nyerere alikataa katakata uraia wa rangi, na mwaka 1963 milango ya TANU ilifunguliwa kwa raia wa asili zote.

Zanzibar nako, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, viti vya wasemaji wa wananchi katika Baraza viligawanywa kwa asili za watu. Huko pia jina la "community" liliwafanya wachache waonekane kuwa wasemaji wa wengi.

Kuna jambo la pili ambalo neno hilo lilificha, nalo ni la kitabaka. Ndani ya hiyo iliyoitwa "community ya Waasia" alikuwamo tajiri mwenye viwanda vya kuchambulia pamba, na alikuwamo pia fundi cherehani aliyekaa barazani kwa mtu. Ndani ya hiyo iliyoitwa "community ya Waafrika" alikuwamo chifu aliyelipwa mshahara na Serikali ya kikoloni, na alikuwamo manamba aliyekata mkonge huko Tanga. Kuwaweka watu hawa katika fungu moja kwa sababu ya ngozi ilikuwa ni kuwazuia wanyonge wa asili zote wasitambuane.

4. "Community development": maendeleo ya nani?

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza walitafuta lugha mpya ya kutawala. Mwaka 1948 katika mkutano wa watawala wa makoloni uliofanyika Cambridge walilipitisha neno "community development", nalo likapelekwa katika makoloni yote. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri: watu wajiendeleze kwa juhudi yao na kwa ridhaa yao. Visima vilichimbwa, madarasa ya kusoma na kuandika yakafunguliwa. Lakini swali la nani anatawala na ardhi ni ya nani halikuruhusiwa kuingia katika darasa hilo. Watu waliombwa kubeba "munus" bila ya kupewa madaraka.

Tazama jinsi jina hilo lilivyotumika penye mapambano makali. Huko Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, kazi iliyoitwa ya kuwarekebisha wafungwa wa Mau Mau katika kambi za kizuizini iliwekwa chini ya idara yenye jina la Maendeleo ya Jamii na Urekebishaji. Watu walionyang'anywa ardhi yao walifungwa, kisha afisa wa "community" akapelekwa kuwafundisha kuishi vizuri na wenzao.

Huko Afrika Kusini ya makaburu mambo yalifika kilele chake. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliwagawa watu kwa rangi, na mwaka 1961 iliundwa wizara maalumu ya kusimamia utekelezaji wake. Wizara hiyo iliitwa Department of Community Development. Tarehe 11 Februari 1966 mtaa wa District Six katika jiji la Cape Town ulitangazwa kuwa eneo la Wazungu. Katika miaka iliyofuata watu wapatao 60,000 waliondolewa, nyumba zao zikabomolewa kwa tingatinga. Waliokuwa wakiishi pamoja kwa vizazi kadhaa, Waislamu na Wakristo, mafundi, wavuvi na makuli wa bandarini, walitawanywa katika mchanga wa Cape Flats. Iliyokuwa jumuiya ya kweli ilivunjwa na wizara iliyobeba jina la jumuiya. Mwanafunzi anayedhani kwamba mjadala wa maneno ni mchezo wa wasomi na aukumbuke mtaa huo.

5. Jumuiya za mataifa

Mwaka 1958 Jenerali de Gaulle aliyataka makoloni ya Ufaransa katika Afrika yapige kura kuingia katika kile alichokiita Jumuiya ya Kifaransa. Tarehe 28 Septemba Guinea ya Sékou Touré ilipiga kura ya hapana. Tarehe 2 Oktoba ikawa huru, na Ufaransa ikajibu kwa kuondoa watumishi wake na misaada yake. Jumuiya ambayo ukiikataa unaadhibiwa si jumuiya, ni minyororo iliyopakwa rangi.

Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki inatupa somo la aina nyingine, somo la kindugu. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na makao yake yakawa Arusha. Nchi tatu zilimiliki kwa pamoja reli, bandari, posta na simu na shirika la ndege. Hapa palikuwa na "munus" wa kweli. Lakini tangu enzi za ukoloni viwanda vingi vilijikita Kenya, na hatua za kusawazisha, pamoja na kuundwa kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, hazikutosha. Baada ya mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971 Wakuu wa nchi hizo hawakukutana tena. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mali ziligawanywa kwa makubaliano ya mwaka 1984.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999 na ikaanza kazi mwezi Julai 2000. Leo ina nchi wanachama nane. Mkataba wake wenyewe, katika utangulizi, unakiri kwamba ile ya kwanza ilivunjika kwa sababu utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu, wananchi na sekta zao hawakushirikishwa vya kutosha, na faida hazikugawanywa kwa haki. Tukiitafsiri kauli hiyo kwa lugha yetu: mizigo ilikuwa ya pamoja, matunda hayakuwa ya pamoja. Mkataba huo huo unasema ushirikiano uongozwe na watu na pia uongozwe na soko. Kada asizisome kauli hizi mbili kwa pumzi moja. Mchuuzi wa samaki anayevuka mpaka na kapu lake na kampuni inayovuka na malori mia wote wako sokoni, lakini hawako sokoni kwa nguvu sawa.

Kuhusu "jumuiya ya kimataifa" mfano mmoja unatosha. Kwa zaidi ya miaka 20 mataifa makubwa ya magharibi yalisema kwa jina la jumuiya hiyo, huku China, nchi yenye watu wengi kuliko zote duniani wakati huo, ikiwa imefungiwa nje ya kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipiga kura 76 dhidi ya 35 kuirejeshea kiti chake, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Siku ile walio wengi duniani walisema kwa kura, na wale waliozoea kusema kwa niaba yao walikasirika. Kwa hiyo redio inapotangaza kwamba jumuiya ya kimataifa imeamua, tuulize: ni nchi ngapi, zenye watu wangapi, na zimepiga kura wapi?

6. Jumuiya ndani ya kijiji

Ni rahisi kumkosoa mkoloni. Wajibu wa kada ni kuyapima pia matumizi ya nyumbani.

Katika siasa ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 ilielezwa wazi kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Kinaundwa na watu wanaoelewa na kukubali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1973 kuhamia vijijini kulikuwa ni agizo, na katika sehemu kadhaa baadhi ya watendaji walitumia nguvu. Watu walihamishwa kwa mamilioni. Shule, zahanati na visima vilifika mahali ambapo havijapata kufika, na hilo ni jambo kubwa. Lakini nyumba kupangwa kwa mstari si ujamaa. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 yenyewe ililitambua jambo hili. Iliruhusu mahali penye kaya zisizopungua 250 kuandikishwa kuwa kijiji, kisha ikaweka daraja jingine, kijiji cha ujamaa, kwa vile ambavyo sehemu kubwa ya shughuli zake za uchumi inaendeshwa kwa pamoja. Yaani sheria ilitenganisha kukaa pamoja na kubeba pamoja. Vijiji vingi viliishia katika daraja la kwanza.

Leo swali hili linarudi kwa nguvu katika suala la ardhi. Tuchukue kijiji chenye msitu na malisho. Anakuja mtu anayetaka eneo kwa ajili ya shamba kubwa au hoteli ya watalii. Baada ya wiki mbili inatoka karatasi iliyoandikwa kwamba "jamii imeridhia". Nani ameridhia? Mwenye duka na trekta huenda ameridhia, kwa kuwa anategemea zabuni. Mfugaji ambaye njia ya ng'ombe wake itakatwa huenda hakuwapo mkutanoni. Mama anayetegemea kuni na mboga za msituni huenda alikuwapo, akaketi nyuma, na hakuulizwa. Kijana asiye na shamba ameahidiwa kibarua. Wote hawa ni jamii moja kwa jina, lakini kila mmoja ana maslahi yake.

Sheria haikuliacha jambo hili kwa neno tamu tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kugawa ardhi bila ya kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake. Sheria hiyo pia inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake haki ya kupata ardhi. Kwa hiyo kada anayeandika "jamii imeridhia" pasipo Mkutano Mkuu halali, mahudhurio na muhtasari, hakuandika taarifa. Ameandika fumbo, na gharama ya fumbo hilo italipwa na yule aliyeketi nyuma.

7. Maswali matano ya kada

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza kwamba kila kada anapolisikia neno "community", au jamii, au jumuiya, aulize maswali yafuatayo:

(a) Ni nani waliomo, na ni nani walioachwa nje? Watajwe kwa kazi zao na hali zao, si kwa jumla.

(b) Ni nani anayesema kwa niaba yao? Alichaguliwa, aliteuliwa, au alijiteua?

(c) Mizigo inabebwa na nani? Michango, nguvu kazi, ardhi iliyotolewa, muda wa akina mama kisimani.

(d) Matunda yanakwenda kwa nani, na kwa kiasi gani?

(e) Ni nani aliyesamehewa? Hili ni swali la "immunis". Katika kila kundi linalojiita jumuiya, mtafute yule anayekula bila ya kubeba. Ukimpata, umepata mgogoro mkuu wa kundi hilo.

Kada anayefanya hivyo atagundua kwamba mara nyingi anaweza kuliacha neno la jumla na kuweka neno la hakika: wakulima wa pamba wa kata fulani, wafugaji, wanachama wa chama cha ushirika, Mkutano Mkuu wa kijiji fulani uliofanyika tarehe fulani. Taarifa yake itakuwa ndefu kidogo, lakini viongozi watakaoisoma hawatadanganyika.

Hitimisho

Isije ikadhaniwa kwamba tunapendekeza neno hili litupwe. La hasha. Watu wetu walikuwa na jumuiya za kweli kabla ya neno hilo la Kiingereza kufika: kazi ya kulimiana kwa zamu, msiba uliobebwa na mtaa mzima, ng'ombe wa maziwa aliyeazimwa asiyekuwa naye. Lengo la siasa ya usawa ni kuukuza wajibu huo mpaka ufikie ukubwa wa taifa na wa Afrika, huku ukiondolewa ubaguzi wa ukoo, wa jinsia na wa kabila uliokuwa ndani yake.

Lakini jumuiya haiundwi kwa kutajwa. Inaundwa pale ambapo wanaobeba mzigo ndio wanaoamua njia, na wanaoamua njia nao wana mzigo mabegani. Penye hali hiyo neno "jumuiya" ni la haki, na tulitumie kwa fahari. Pasipo na hali hiyo kazi ya kada ni kuijenga, na hatua yake ya kwanza ni kukataa kuandika kwamba imekwisha kuwapo.